Mnaoanza utafiti wa uhai wa jino, ulizeni kwanza kipimo kinapima nini

Wadogo zangu mnaoingia kwenye hii mada, naona wengi mnakimbilia mashine mpya kabla hata hamjajua vile vya zamani vinapima nini. Ule ubaridi tunaoweka na pamba, joto, na kile kipimo cha umeme, vyote vinauliza neva tu. Mgonjwa akikwambia "nimesikia" maana yake nyuzi za neva zimeitika, basi, kuhusu damu hujaambiwa kitu. Na palpu, hiyo nyama laini ya ndani ya jino, inaishi kwa damu.

Kwa mtu mzima mwenye jino la kawaida hiyo tofauti haisumbui sana, na ubaridi bado ni kipimo kizuri mno, msiudharau. Shida iko kwa jino lililogongwa, linaweza likanyamaza wiki kadhaa au hata miezi huku damu inapita vizuri tu, na kwa jino la mtoto ambalo ncha ya mzizi haijafunga na neva zake hazijakomaa, umeme unaweza usiambulie kitu. Ukiamini neva peke yake hapo unaenda kutoboa jino zima, yaani lililo hai, bure. Na kinyume chake kipo, gego lenye mizizi mitatu, mmoja umeshakufa, mingine inajibu, na wewe unaandika "zima".

Ndio maana watafiti wakahamia kwenye damu yenyewe. Leza Doppler, mwanga unaopima mwendo wa damu, ilianza kujaribiwa kwenye meno ya watu miaka ya 1980, halafu miaka ya 1990 mwanzoni ikaja oksimita, kipima oksijeni ya damu, ndugu wa ile ya kidoleni, inayotumia mwanga mwekundu na infraredi. Siku hizi kuna altrasaundi ya Doppler pia. Zote zinavutia, ila leza inaokota pia damu ya ufizi, na oksimita inataka probu (kile kichwa cha kifaa kinachogusa jino) inayokaa sawasawa kwenye jino, ukitumia ya kidole iliyolazimishwa utapata namba za ajabu. Halafu msishtuke jino zima likisoma oksijeni chini kuliko kidole, hiyo ni kawaida.

Sasa hapa ndipo nawaomba mkae, maana ndipo tafiti nyingi zinapopotosha. Ukiona kipimo kimepewa usahihi wa kutisha, angalia kundi la meno "yaliyokufa" lilitoka wapi. Mara nyingi ni meno yaliyokwisha kusafishwa na kujazwa mizizi, yaani hayana palpu kabisa, na upande wa pili meno yasiyo na hata tundu. Hapo kipimo chochote kitang'ara! Kliniki haikuletei jino la hivyo, inakuletea lile la katikati linalouma kidogo, limeoza nusu. Uthibitisho wa kweli ni kulifungua uone kama linatoka damu, ila jino zima huwezi kulifungua kwa ajili ya utafiti tu, kwa hiyo wengi wanachukua meno ambayo matibabu ya mzizi yalishaamuliwa. Hata hapo ulizeni nani alikuwa anapima, na kama alikuwa anajua jibu tayari.

Jambo jingine linalobadilika ni swali lenyewe. Zamani ilikuwa limekufa au liko hai, sasa kwa vile tunazidi kuokoa palpu iliyovimba kwa kukata sehemu yake tu na kuweka simenti za kalsiamu silikati, tunataka kujua uvimbe umefika wapi, na watu wanatafuta viashiria kama MMP-9, kimeng'enya kinachoongezeka kwenye uvimbe, kwenye majimaji ya ndani ya jino. Kliniki bado hatujafika, binafsi naona ndiko kwenye kazi ya maana kuliko kulinganisha tena ubaridi na umeme.

Ukichagua leza kwa tasnifu yako, funika ufizi kwa raba nyeusi, tengenezea probu kishikio cha kila mgonjwa ili irudi palepale, mgonjwa atulie, na pima jino la upande wa pili pamoja na moja lililojazwa mzizi, maana hilo lisilo na palpu nalo litakupa namba kidogo, na hiyo ndiyo kelele yako, yaani namba isiyotoka kwenye palpu, ya kuijua kabla hujaandika chochote.