Si Kila Dini Ina Muumba

Swali la wiki liliuliza: "Je, dini zote humwabudu Muumba mmoja kwa majina tofauti?" Mimi nasema hapana, ingawa najua wanaojibu ndiyo wana nia njema ya kupatanisha watu.

Kwa Wayahudi, Wakristo na Waislamu hoja hiyo ina mashiko. Mungu mmoja aliziumba mbingu na nchi. Akisema "Kuwa," kinakuwa. Njia panda ni Yesu: imani ya Nikea, tamko la imani la Wakristo la mwaka 325, yakiri kwamba vitu vyote viliumbwa kwa yeye, ilhali sura ya Ikhlas katika Kurani yasema Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Masingasinga nao humkiri Muumba mmoja, asiyezaliwa.

Ukigeukia kwa Wabudha, mambo yanabadilika kabisa. Katika Brahmajala, mojawapo ya mafundisho ya kale ya Buddha, kuna kisa ninachokipenda kwa ucheshi wake. Ulimwengu unapoanza upya, kiumbe mmoja anazaliwa peke yake katika kasri tupu. Anakaa dahari, upweke unamzidi, anatamani wenzake. Mara wanatokea wengine, kwa kuwa tu muda wao katika mbingu ya juu umekwisha. Yeye anajiambia: nimewaumba mimi, maana nimetamani nao wakaja. Wao nao, kwa kumkuta pale, wanamsadiki. Baadaye mmoja wao anazaliwa duniani, anakuwa mtawa, anakumbuka maisha yale, kisha anawafundisha watu kwamba yupo Muumba wa milele. Hapo huwezi kusema ni Muumba yuleyule kwa jina jingine. Kisa kizima kinamkana.

Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, nao hushika kwamba ulimwengu hauna mwanzo. Katika karne ya 9 mwanazuoni wao Jinasena aliuliza: kama Mungu aliumba ulimwengu, kabla ya hapo alikuwa wapi? Wahindu wana majibu mengi, na wimbo mmoja wa Rigveda, kitabu chao kitakatifu cha kale, unaishia kwa shaka: huenda hata anayetazama kutoka mbingu ya juu kabisa hajui ulimwengu ulitoka wapi.

Najua kuna watakaosema pasipo Muumba watu hawataogopa dhambi. Basi wawatazame Wajaini haohao: baadhi ya watawa wao hujifunga kitambaa mdomoni wasije wakadhuru hata mdudu kwa pumzi.