Barua kwa Mwanangu Kuhusu Uchovu wa Kazi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako ulinifikia saa saba za usiku, ukiniuliza utajuaje kama umechoka tu jinsi watu wanavyochoka, au kazi imeanza kukumaliza. Kabla hata sijafika kwenye swali lenyewe, saa hiyo ilinitia wasiwasi, kwa maana asubuhi ulitakiwa kuwa Upper Hill kazini.

Uchovu wa kawaida huisha mtu akilala vizuri au akipumzika mwisho wa juma, lakini huu mwingine huamka naye. Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilipoueleza katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, halikuuita ugonjwa, bali hali inayoletwa na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa ipasavyo, nalo likataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi hata mtu akaibeza, na utendaji kushuka. Ninaiogopa zaidi hiyo ya pili, kwa sababu mwenyewe huwa haioni. Wanaoiona kwanza ni watu wa nyumbani.

Ninalijua hilo kwa sababu yako. Mwaka ule tuliohamia Umoja nilikuwa karani wa mishahara katika kiwanda kimoja Viwandani, na wenzangu wawili walikuwa wamepunguzwa kazi, hivyo madaftari yote matatu yakaja kwenye meza yangu. Nilikuwa nikijumlisha safu moja ya hesabu mara nne, na kila mara ninapata jibu jingine. Jumapili jioni tumbo lilianza kuniuma kabla hata sijapiga pasi nguo za Jumatatu. Nililaumu maji, nikalaumu maharagwe, nikamlaumu hata baba yako kwa kufungua redio.

Nawe, ukiwa darasa la tatu, ukaniletea insha yako ya “Mama Yangu”. Uliandika, “Mama yangu akitoka kazini ataki kuulizwa kitu.” Nikachukua kalamu, nikaongeza herufi h kwenye “ataki”, nikakurudishia daftari na kukuambia uwe makini. Nilichokiona ni ile h peke yake. Nyanya yako ndiye aliyelichukua, akaisoma sentensi ile kwa sauti, polepole, kisha akaniuliza kama nimesikia alichosoma. Niliingia jikoni nikafunga mlango. Mpaka leo nikikumbuka jinsi ulivyosimama ukingoja nikusifu, koo hunikaba.

Nilijitetea kwamba karo ilihitajika, na kweli ilihitajika. Hakuna aliyekuwa akitulipia. Hata hivyo, nilikuwa nimekaa karibu miaka miwili bila kuchukua likizo, nikidhani nisipoonekana mezani nafasi yangu itachukuliwa. Labda ingechukuliwa, kwa kuwa wakati ule watu walikuwa wakipunguzwa kila mwezi, wala siwezi kusema hofu yangu ilikuwa ya bure. Lakini likizo ni haki, mwanangu, si hisani ya bosi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakupa siku zisizopungua 21 za kazi, zenye malipo kamili, kwa kila miezi 12 uliyotumika, pamoja na siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Najua umenisikia nikilisema hili mara nyingi, na nitalisema tena: likizo ni haki.

Kuhusu kama uiache kazi hiyo, hukuniuliza, na nimejiahidi kutosema neno. Nina maoni, na yananiwasha ulimini. Pengine tatizo ni msimamizi mmoja tu, au ni mzigo unaoweza kugawanywa ukizungumza na wakubwa wako. Pengine pia sivyo, na mimi niliyevumilia miaka minne zaidi pale kiwandani sina haki ya kukuharakisha wala kukuzuia. Ila mtoto wako amefika umri ule ule uliokuwa nao wewe ulipoandika insha ile. Muulize huwa ukoje ukirudi jioni, kisha umsikilize mpaka amalize, hata kama atakosea maneno.

Daftari lile bado ninalo, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Ukija Jumamosi nitakuonyesha, nawe uniambie umebakiwa na siku ngapi za likizo.

Mama yako.