Barua kwa Mwanangu: Lugha Uliyoniuliza

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini mimi na mama yako hatukuwafundisha Kijaluo wala Kikikuyu, na kama mtoto wako naye alelewe kwa Kiswahili pekee. Nilipoanza kufundisha, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwa somo la lazima la mtihani tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza hapa Kenya mwaka 1985, nami niliamini, na ninaamini hadi leo, kwamba Kiswahili hakina mwenyewe na ndiyo maana ni chetu sote.

Kisha ikaja Januari ya 2008. Moto wa ghasia za kikabila uliowaka baada ya matokeo ya urais ya 30 Desemba 2007 ulifika Nakuru mwishoni mwa mwezi, na wewe, mwenye miaka sita, ulikuwa mapajani mwangu tulipofika kwenye kile kizuizi cha mawe na matairi. Kijana mwenye panga aliinama dirishani akaniuliza kwetu ni wapi. Nilimjibu kwa Kiswahili changu cha darasani. Akasema, "Kiswahili ni cha kila mtu, mzee. Sema ya kwenu." Maneno niliyoyahubiri miaka yote, yeye akayageuza kuwa mtego. Nilinyamaza, mama yako akamjibu kwa Kikikuyu, tukapita. Tulipofika Kisumu, kwetu Wajaluo, zamu ya kunyamaza ikawa yake: mpaka Rais Kibaki na mpinzani wake Raila walipotia saini mapatano tarehe 28 Februari, hakufungua mdomo sokoni hata mara moja. Wewe ndiwe uliyemnunulia omena, wale dagaa wa ziwani, kwa Kiswahili ambacho hakuna muuzaji aliyeweza kukibaini kabila.

Je, nilikosea? Lugha ya mama yako ilituvusha barabarani, lakini ni lugha hiyohiyo iliyomfunga mdomo Kisumu, na Kiswahili chako ndicho kilichotulisha. Ndiyo maana narudia kwamba hakina mwenyewe. Hata hivyo, ibara ya 7 ya Katiba ya 2010, inayokifanya Kiswahili lugha ya taifa, inaitaka dola pia ikuze na kulinda lugha nyingine za Wakenya, na kila ninapoisoma namkumbuka mama yangu, aliyefariki bila kuzungumza nawe pasipo mkalimani. Mkalimani nilikuwa mimi, na mara nyingi, kwa uchovu au kwa aibu, niliyafupisha maneno yake.

Mkono wangu unataka sana kuandika "Kiswahili kwanza", lakini mtoto ni wako na mume wako, kwa hiyo nitajizuia. Mama yako hakungoja jibu langu. Kila jioni humwimbia mjukuu kwa simu, kwa Kikikuyu. Juzi niliiomba simu hiyo nikamwimbia wimbo mmoja wa mama yangu, wote, bila kuufupisha.

Wako,
Baba