Goli la Aziz Ki: VAR ilikuwa wapi?

SWALI: Kaka mhariri, mi Mwananchi damu, shabiki wa Yanga, lile shuti la Aziz Ki wetu kule Pretoria na Mamelodi Sundowns, Aprili 2024, bado linaniuma, mpira umegonga mwamba ukadundia ndani, VAR ipo, refa kakataa, tukatolewa kwa penati 3-2. Kwa nini lakini?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, hata mi siku ile nilishika kichwa. Iko hivi, VAR ni watu wanarudia picha za kamera, sasa kama hakuna kamera iliyokaa sawasawa na mstari wanabaki kubishana tu. Teknolojia ya mstari wa goli ni kitu kingine kabisa, mpira wote ukivuka mstari, saa ya refa inatetemeka hapohapo, Kombe la Dunia la wanaume wanayo tangu 2014. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika inachezwaje bila hiyo? CAF, shirikisho la soka Afrika, waiweke viwanjani.