Kupima rejeta na pampu za kompyuta nyumbani: anza na sensa zako

Mkuu, umesema umenunua vifaa vya kupozea kompyuta kwa maji: rejeta mbili za mtumba za feni mbilimbili na pampu ya maji aina ya D5, na unataka kujua ipi nzima na ipi imeziba kabla hujazifunga kwenye kompyuta. Umeuliza pia kama mtu anaweza kujitengenezea benchi la kupimia nyumbani bila vifaa vya maabara. Anaweza kabisa. La kwangu nimelifunga kwenye kipande cha plaiwudi hapa Dar, huu mwaka wa tatu, na kila kifaa ninachonunua kinapita hapo kwanza.

Usipime kwa kutumia kompyuta yenyewe. Joto la prosesa unaloliona kwenye programu limechanganya mambo mengi: pesti uliyopaka, ulivyokaza skrubu za bloku (kile kipande kinachopitisha maji juu ya prosesa), kazi ambayo prosesa inafanya dakika hiyo. Unatakiwa upate chanzo cha moto kisichobadilika. Mimi nilichukua kipande cha shaba, nikatoboa matundu sita, nikaingiza hita ndogo za printa za 3D, zile za volti 12 na wati 40 kila moja. Jumla wati 240, zinalishwa na pawasaplai ya kompyuta ya zamani. Bloku ya maji inakaa juu ya hiyo shaba kama ambavyo ingekaa juu ya prosesa.

Kwa nini sikutumia hita ya kuchemshia maji ya ukutani? Kwanza, sitaki volti 230 karibu na mipira ya maji. Pili, umeme wa mtaani unapanda na kushuka, na nguvu ya hita inafuata volti zikizidishwa kwa zenyewe: volti zikipungua asilimia 10, wati zinapungua asilimia 19. Utadhani rejeta imeboreka kumbe ni jirani amewasha pasi. Pawasaplai inakupa volti 12 zilezile. Pima volti na ampea kwa mita, zidisha, hizo ndizo wati za moto unaoingia kwenye maji. Ongeza na wati za pampu, maana karibu zote nazo zinaishia kwenye maji. Na tafadhali weka swichi ya joto kwenye shaba inayokata relei (swichi inayolisha hita) ikifika nyuzi 60. Pampu ikisimama hita ziko kazini, mipira italainika na kuchomoka.

Sasa sensa, hapa ndipo pana kazi. Nilianza na sensa mbili za joto aina ya DS18B20, moja kwenye maji, moja kwenye hewa mbele ya feni. Nikapima rejeta ya kwanza, nikaosha, nikafunga ya pili, na katika kuunganisha upya nikabadilisha sensa bila kujali, ya maji ikaenda kwenye hewa. Rejeta ya kwanza ikaonekana kushindwa, nikaitangaza kuuza. Jioni moja sensa zote ziko mezani, mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, mbona hivi viwili viko sehemu moja na vinasema tofauti?" Kimoja kilikuwa juu ya mwenzake kwa nyuzi 0.8. Wala havikuwa vibovu. Mtengenezaji anaahidi makosa yasiyozidi nusu nyuzi juu au chini, kwa hiyo viwili vinaweza kuachana hata nyuzi nzima na vyote viko ndani ya ahadi. Niliporudia vizuri, ile niliyotaka kuuza ndiyo iliyokuwa bora: maji yalizidi hewa kwa nyuzi 12.2, nyingine 13.1. Kwa wati 258, hita na pampu kwa pamoja, ni takriban wati 21.1 kwa kila nyuzi dhidi ya 19.7. Niliumia kuona nilivyokaribia kuitupa.

Kwa hiyo fanya hivi. Nunua barafu, ponda vizuri, jaza chupa ya chai, ongeza maji kidogo, koroga, zamisha sensa zote mbili zikiwa zimefungwa pamoja kwa mpira. Subiri dakika kumi. Zinatakiwa zisome sifuri. Kila moja iandikie kosa lake. Rudia kwa maji ya nyuzi 40 hivi. Maji yanayochemka usiyategemee kama uko Arusha au Mbeya, huko juu yanachemka kabla ya kufika 100.

Kuna watu wanapima maji yanayoingia na yanayotoka kwenye rejeta, kisha wanakokotoa joto lililoondoka. Kwa vifaa vyetu haifai. Maji yakienda lita 4 kwa dakika, wati 300 zinayashusha nyuzi moja tu na kidogo. Sensa yenye kosa la nusu nyuzi itakudanganya vibaya. Joto lipime upande wa umeme, kwenye maji tafuta tofauti yake na hewa. Acha mtambo utembee nusu saa hadi namba zitulie, mlango wazi, feni zilezile kwa rejeta zote.

Mtiririko pima kwa ndoo, mizani ya jikoni na saa ya simu: lita moja ni kilo moja. Mdomo wa mpira ushikilie usawa wa maji yaliyo kwenye tangi, ukiuteremsha unaisaidia pampu.

Rejeta ya gari ya kutoka mtaa wa Gerezani hapa Dar inakubali, ila kwaruza tangi lake kwanza. Ikitoa rangi ya njano ni shaba ya njano (brass), endelea. Ikiwa aluminiamu, usiichanganye na bloku ya shaba, zitalana. Maji tumia ya betri, na hakikisha umepewa maji, si asidi.

Pampu yako ipime kwa mpira wa levo, ule mweupe wa mafundi ujenzi. Funga kwenye mdomo wa pampu, panda nao ngazi za ghorofa, mpira ukiwa umenyooka, washa, angalia maji yanasimama wapi. D5 nzima kwenye volti 12 hufika karibu mita 3.9 kutoka usawa wa maji ya tangi. Ya kwangu ya mtumba iliishia mita 2.6. Nikafungua kofia, nikakuta uzi wa teflon umejizungusha kwenye impela (panga linalosukuma maji). Nilipoutoa, ikapanda hadi mita 3.7, na ndiyo inayozungusha maji kwenye kompyuta ninayokuandikia.