Barua kwa Mwanangu: Stesheni Isiyopitiwa na Treni Ina Nini cha Kutazamwa?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia pamoja na picha ulizopiga. Unasema mlipokuwa mkienda Taveta kikazi mlisimama kando ya barabara, mkaingia katika stesheni ndogo ya zamani, mkakuta mabati yamekwisha kuchukuliwa, milango imeng'olewa, na mbuzi wamejilaza katika chumba kilichokuwa cha kukatia tiketi. Kisha unaniuliza: mtu wa rika lako, ambaye hakuwahi kusafiri kwa treni ya njia ile hata siku moja, ana nini cha kutafuta mahali kama pale, na kama kipo, aanzie wapi? Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu wale wanaoweza kulijibu swali hili vizuri kuliko mimi wanazidi kupungua.

Kwanza, usianze na jengo. Stesheni ndogo za reli ya zamani zilijengwa kwa michoro inayokaribiana, na aliyeona chumba cha tiketi, ofisi ya stesheni masta na tangi la maji mahali pamoja ameona karibu yote ambayo kuta zinaweza kumwonyesha kwingineko. Kinachoitenga stesheni moja na nyingine ni kazi zilizofanyika pale na watu walioitegemea, na hayo hayamo katika matofali. Yamo katika nyumba zilizo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka relini, kwa wazee ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kwa kuwa kila mtu alidhani habari za reli ni habari za serikali.

Hata hivyo, usiende kwao ukiwa mtupu. Jua kwamba njia ya kutoka Voi kwenda Taveta haikujengwa kwa ajili ya abiria wala kwa ajili ya mkonge. Ni reli ya vita, Vita vya Kwanza vya Dunia. Jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Lettow-Vorbeck liliikalia Taveta tangu Agosti 1914, na Waingereza, waliokuwa na reli yao kuu ya Mombasa, hawakuwa na njia ya kufikisha askari, maji na risasi mpakani ila kwa kuivuka nyika ile kavu. Mwaka 1915 vikosi vya wahandisi wa reli kutoka India vilianza kutandika njia kutoka Voi kupitia Mwatate na Bura, na kufikia katikati ya mwaka huo reli ilikuwa imefika Maktau, huku doria za Wajerumani zikivizia usiku na kuilipua kwa baruti. Tarehe 12 Februari 1916 yalitokea mapigano ya kilima cha Salaita, ambapo askari wa Afrika Kusini, waliopigana upande wa Waingereza, walirudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Mwezi uliofuata majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na Jenerali Smuts yaliingia Taveta, na reli ikafuata nyuma yao mpaka ikaungana, huko Kahe, na ile ya Wajerumani iliyotoka Tanga kwenda Moshi.

Ninakuambia hayo kwa sababu utakapofika Maktau utaonyeshwa makaburi ya askari wa Kihindi, yaliyotunzwa, na utadhani umeona wafu wote wa njia ile. Wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya vita vile walikuwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu miongoni mwao walikufa, wengi kwa maradhi na uchovu, lakini wengi wao hawana kaburi lenye jina. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa kwa majina yao kama walivyokumbukwa askari wa Kizungu. Basi ukikaa na mzee yeyote wa upande ule, mwulize kama katika ukoo wake kuna babu aliyechukuliwa akabebe mizigo asirudi. Swali hilo moja linaweza kukupa zaidi ya yote utakayosoma katika mawe.

Ukishamaliza salamu na mazungumzo, hapo ndipo ushuke relini. Inama uitazame reli ubavuni, ile sehemu nyembamba iliyo kati ya kichwa kinachokanyagwa na magurudumu na kitako kilichofungwa kwenye taruma, yaani vipande vya mbao au chuma vilivyolazwa chini ya reli. Futa vumbi na kutu kwa kitambaa kilicholowa, usubiri jua la asubuhi au la jioni lipige kwa pembeni, na mara nyingi utaziona herufi zilizoinuka katika chuma: jina la kiwanda, na mwaka chuma hicho kilipotengenezwa. Usiukimbilie mwaka huo na kuuandika kuwa ndio mwaka wa stesheni. Njia ndogo hupewa reli zilizokwisha kutumika katika njia kuu, kwa hiyo chuma kinaweza kuwa kikongwe kuliko njia, na mahali palipokarabatiwa kinaweza kuwa kijana kuliko stesheni. Tazama pia nafasi iliyo kati ya reli mbili, ambayo ni mita moja kamili, ukailinganishe na ile ya reli mpya ya Mombasa na Nairobi, yenye milimita 1,435. Kwa tofauti hiyo pekee utaelewa kwa nini behewa la njia ile ya zamani haliwezi kuingia katika njia mpya hata kama zote mbili zinapita Voi.

Ninyi mnaizungumzia reli kama habari ya safari, lakini sisi tuliokulia katika nyanda zile kavu tuliijua stesheni kwa maji kabla ya kuijua kwa safari. Milimani kwetu Taita maji yapo, bali ukishuka chini kuelekea Maktau nchi ni ya vumbi na michongoma. Upande tuliokaa sisi, treni ilileta tangi la maji kwa ajili ya wafanyakazi wa reli na jamaa zao, na yaliyobaki waligawiwa wanakijiji. Wanawake walipanga madebe yao tangu alfajiri, kila debe likiwa na alama yake: kitambaa kilichofungwa kwenye mshikio, tundu lililozibwa kwa lami, au jina lililokwaruzwa kwa msumari. Mwenye debe aliweza kurudi nyumbani kupika, na debe likabaki kumshikia nafasi. Stesheni masta ndiye aliyesema mstari umefika wapi na maji yatatosha madebe mangapi. Mtu huyo, ambaye katika vitabu vya reli alikuwa karani mdogo wa stesheni ndogo, kwetu alikuwa na mamlaka kuliko chifu. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini wazee wakitajiwa stesheni hunyoosha mkono kuelekea tangi badala ya jukwaa la abiria.

Waulize pia juu ya kazi yenyewe, hatua kwa hatua, kwa maana mtu akiulizwa «hali ilikuwaje zamani» hujibu kwa sifa na masikitiko, lakini akiulizwa mikono yake ilifanya nini hukumbuka sawasawa. Katika njia ya reli moja, ambamo treni za kwenda na za kurudi hutumia chuma kile kile, treni haiondoki mpaka stesheni masta apate uthibitisho kutoka stesheni inayofuata kwamba njia i wazi, na dereva akabidhiwe kibali mkononi, kwingine karatasi na kwingine kipande maalumu cha chuma. Ukimpata mzee aliyefanya kazi hiyo, mwache asimame akuonyeshe alivyoshika taa na alivyonyoosha mkono ili dereva akipokee kibali. Mwulize mtu wa genge la kutengeneza njia alijuaje kwamba boliti imelegea. Mwulize mpakiaji wa katani marobota yalipandishwaje katika behewa, na nani alihesabu, na mnyapara alisimama wapi. Mashamba ya mkonge ya Voi, Mwatate na Taveta yalikuwa sehemu kubwa ya uhai wa njia ile, na walioyafanyia kazi walitoka mbali, kwa hiyo kumbukumbu za stesheni moja zinaweza kuwa zimetawanyika katika lugha kadhaa.

Wanawake usiwaache, hata kama wanaume watakuambia kwamba hawakuajiriwa na reli. Aliyeuza ndizi dirishani mwa behewa ndiye anayejua treni ilisimama kwa muda gani hasa, tofauti na muda uliochapishwa katika ratiba, na ndiye aliyeona nani alishuka kutoka daraja la kwanza na nani alibanwa katika daraja la tatu. Katika enzi ya mkoloni mgawanyo huo wa madaraja ulikwenda karibu sawa na mgawanyo wa rangi, na mwenye kuuza aliusoma kila siku kwa kutazama mlango uliofunguliwa.

Utasikia watu wakisema kwamba reli mpya ndiyo iliyoziua stesheni za zamani. Kwa njia ya Taveta usiikubali kauli hiyo upesi. Reli mpya ilifunguliwa mwishoni mwa Mei 2017, na wakati huo njia ile ilikuwa imekwisha kudhoofika kwa miaka mingi. Bei ya katani ilishuka baada ya nyuzi za plastiki kuenea duniani. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika la reli lililokuwa moja likagawanyika, na Tanzania ikaufunga mpaka. Njia iliyokuwa kiungo kati ya Voi na Moshi ikageuka kuwa njia inayoishia ukutani. Mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983, mizigo mingi ilikuwa imezoea malori. Mimi naliona jambo hilo la mpaka kuwa kubwa kuliko yote, na ninashangaa kwamba halitajwi sana, maana upande ule watu walikuwa na ndugu, mashemeji na wateja ng'ambo ya pili, na kwa miaka ile wakawa wanapitisha salamu kwa njia za panya.

Utakaposikiliza, tarehe zitakuchanganya. Mzee atakuambia «mwaka wa njaa ile», nawe hujui ni ipi. Usimsahihishe wala usimshurutishe ataje mwaka. Mpe nguzo za kushikilia: je, ilikuwa kabla ya Uhuru wa 1963 au baadaye, kabla ya mpaka kufungwa, kabla ya ukame wa 1984, kabla ya mvua za El Niño za 1997? Kwa njia hiyo utaupata wakati bila kumvunjia heshima. Wawili wakipingana, waandike wote wawili, kila mmoja na alipokuwa akikaa, kwa sababu mara nyingi ugomvi wa kumbukumbu ni ugomvi wa mahali mtu aliposimama. Kisha nenda Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, ukayalinganishe uliyosikia na yaliyoandikwa. Nakusihi ufuate mpangilio huo, watu kwanza na karatasi baadaye, kwa maana karatasi zitakungoja.

Sasa mambo ya tahadhari, na hapa nazungumza kama mama. Ardhi ya reli na vilivyomo si mali isiyo na mwenyewe; ni ya Shirika la Reli la Kenya, kwa hiyo omba ruhusa, na usichukue hata boliti moja ya kumbukumbu. Mgeni anayepimapima reli na kupiga picha hutiliwa shaka, na kwa haki. Wizi wa vyuma uliharibu mengi nchini hata serikali ikasimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi michache mwaka 2022, na wengine watadhani umetumwa na watu wanaotaka kumega kiwanja. Pitia kwa chifu au mzee wa mtaa, ueleze nia yako kabla hujatoa simu. Ukitaka kurekodi sauti, omba kwanza, na mwishoni uulize kama kuna lililosemwa ambalo lisitoke nje ya nyumba ile. Usiingie katika tangi wala kisima cha zamani. Tena kumbuka kwamba Maktau ni mlango wa Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Tembo hawajui mpaka wa hifadhi uko wapi, kwa hiyo usitembee relini peke yako, na jua likianza kushuka uwe umekwisha kuondoka.

Ukipata nafasi mwezi ujao, pitia kwanza Mwatate kwa shangazi yako. Marehemu mume wake alikuwa katika genge la kutengeneza njia, na wao walikaa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, ilhali sisi tulikaa upande wa kijiji. Mwulize maji yaligawiwaje siku treni ilipochelewa, na kama ni kweli walichota kabla yetu, kwa maana jambo hilo sisi tulilinung'unikia bila kulijua undani wake. Niandikie jibu lake kama atakavyolitoa, hata kama ananipinga.

Wako akupendaye,
Mama