Jina la ukoo Postlethwaite: lilikotoka na lilipo leo

Uliyeuliza jina la ukoo la Kiingereza Postlethwaite lilitokana na nini: ni jina la mahali, si la kazi. Linatokana na shamba la Postlethwaite katika parokia ya Millom, kusini mwa iliyokuwa kaunti ya Cumberland, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Kipande cha “thwaite” kiliachwa na walowezi wa Kinorse (Waviking kutoka Skandinavia), na maana yake ni uwanda uliofyekwa miti. Ndiyo maana eneo hilo limejaa majina kama Rosthwaite na Bassenthwaite. Kipande cha kwanza huenda ni jina la mtu au la utani.

Hadi leo ni jina adimu, na wengi wenye jina hilo wako Cumbria (kaunti iliyoimeza Cumberland mwaka 1974) na Lancashire. Waliohamia Marekani mara nyingi huliandika Postlewait au Postlethwait. Mwigizaji Pete Postlethwaite (1946–2011) alizaliwa Warrington, mji uliokuwa Lancashire wakati huo.

Ukitaka kufuatilia familia, anza na vyeti vya kuzaliwa (usajili wa serikali ulianza Julai 1837), kisha sensa za kila miaka 10 kuanzia 1841, halafu rejista za kanisa. Wengi hukwama kwenye mambo mawili. Kwanza tahajia: makarani waliandika walivyosikia, kwa hiyo tafuta Posl-, Poss- na Postle- pia. Pili mipaka: Ulverston na Barrow, miji iliyo Cumbria leo, zilikuwa Lancashire hadi 1974, kwa hiyo ukichagua Cumberland peke yake utawakosa waliokaa huko. Sensa ya 1931 usiihangaikie, iliungua 1942.